Samaki Aliyemla Baba

Nyumbani,
Jumapili mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuulizia hali, wewe na wifi yangu na hao wanangu ambao naambiwa kila mmoja sasa ananipita urefu. Kile kikohozi cha wifi kimekwisha? Mwambie asikichekee, kikohozi huingia kama mgeni, kesho kinashika funguo za nyumba. Ukituulizia sisi, tunapumua. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, jua likipanda anayasahau. Mimi na mgahawa wangu tupo, ingawa siku hizi napika maharage na mayai tu, na sababu yake utaiona mbele. Baba yupo. Nimeandika “yupo” na kalamu ikasimama, basi niendelee tu.

Najua utashangaa barua, mtu ana simu mkononi. Lakini kuta zetu unazijua, ukipiga chafya sebuleni jirani anakuombea afya. Tena yapo maneno ambayo nikiyaanza kwa mdomo nitalia kabla hayajakufikia, nawe utabaki unasema “haloo, haloo” kama mtu anayeita kuku. Uliuliza kwa nini Baba hapokei simu zako. Ukauliza pia kama watoto waje likizo, wafundishwe kuogelea pale tulipofundishwa sisi. Jibu la maswali yote mawili ni moja, ila ni refu. Vuta kiti.

Ziwa uliloliacha silo hili. Kwa upande wetu, kuanzia pale mfereji wa maji machafu ya mji unapomwagika mpaka lilipo bomba la kiwanda cha ngozi, maji yaligeuka kijani. Usidhani ni kijani cha majani. Ni kijani kizito kama rangi ya milango, ukichovya mkono unautoa umevaa glavu. Waliokwenda kufua walirudi wanajikuna. Kisha samaki wakaanza kuelea tumbo juu, wakubwa kwa wadogo, na kunguru wakawa wanatua ufukweni, wanawatazama, halafu wanaruka kwenda zao. Mama alisema hapo ndipo alipoogopa. Kunguru hana aibu na chakula. Ukiona kunguru anachagua, wewe usile.

Akaja Bwana Afya, yule kijana mwembamba mwenye pikipiki, akachota maji kwenye chupa na kununua samaki wachache akaondoka nao. Aliporudi alikuja na kipaza sauti. Alitangaza kwamba majibu yametoka, kwamba maji yana sumu na samaki wa upande huu wamebeba sumu hiyo, na kwamba mpaka itakapotangazwa tena watu wasile samaki wala wasinywe maji ya ziwa, hata yaliyochemshwa. Baba alikuwa amesimama mbele kabisa. Akamuuliza, hata yaliyochemshwa? Yule kijana akamjibu kwa adabu kwamba moto unaua vijidudu, lakini hii si kijidudu, hii ni sumu, nayo ukiichemsha unakunywa sumu ya moto. Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Wewe unamjua Baba na mnada wake. Tangu hatujazaliwa yeye ndiye mnadi wa soko la samaki. Mtumbwi haujafika nchi kavu yeye keshajua umebeba nini. Akisema samaki ni wa leo, ni wa leo. Akisema huyu amelala kwenye barafu tangu juzi, mwenye samaki hathubutu kubisha. Sasa fikiria mtu huyo anasimama juu ya meza yake ya saruji, anapaza sauti, na mbele yake hakuna mnunuzi hata wa kumtukana. Meza zilikauka mpaka zikapasuka. Wale akina mama wa kukaanga wakawa wanakaa na vikaango vyao mapajani kama watu waliofiwa. Sindano naye, yule rafiki yake fundi nyavu, hakuwa na wavu wa kushona, akawa anashona mashati ya wajukuu zake yasiyochanika.

Njaa ilikuwepo, lakini sidhani njaa ndiyo iliyomsukuma Baba. Ilikuwa ni lile neno. Mtoto wa juzi amekuja na chupa amesema samaki wa mnada wake ni sumu, na watu wamemsikiliza mtoto. Ikawa kila chakula mezani anarudia, “Ziwa hili nimelila tangu sina meno, na sasa meno yanang’oka bado nalila. Lingekuwa la kuua lingeshaniua.” Mama alimwambia kwamba ziwa la ujana wake si hili, kama yeye mwenyewe asivyokuwa yule kijana aliyemwoa. Baba akamjibu aongeze chumvi kwenye mboga.

Basi akatangaza. Siku ya soko kubwa, saa watu wanapojaa, yeye atakula samaki wa ziwa mbele ya wote, na atakayetaka kumwona anakufa aje na kiti chake. Akataka mimi ndiye nipike, kwa sababu mgahawa wangu upo pale pale sokoni na kwa sababu, alisema mbele za watu, mkono wa binti yake anauamini kuliko mkono wake.

Siku hiyo walikuja mpaka watu wa ng’ambo ya mji. Baba alikwenda mwenyewe kwenye mtumbwi, akachagua perege mmoja mpana kama sahani, akamnyanyua juu kila mtu amwone, kisha akanikabidhi mimi. Nikaingia naye jikoni. Nikatoka naye amekaangwa, juu yake chumvi na limau. Baba alinawa taratibu, akala. Kaka, alikula kama mtu anayesoma hotuba. Alianza mgongo, akaja tumbo, akavunja kichwa, akanyonya macho, akamalizia mapezi, mpaka kwenye sahani ukabaki uti wa mgongo mweupe kama kitana. Akaunyanyua juu ule mwiba kama alivyomnyanyua samaki. Watu wakapiga makofi.

Sindano alikuwa mbele, mikono nyuma. Mtani wake tangu ujana, ungetegemea angekuwa wa kwanza kuomba kipande. Yeye akasema kwa sauti kila mtu asikie, “Mimi sina haraka. Nasubiri. Ukifa nitakula chakula cha msiba, ukipona nitakula samaki. Kwa vyovyote silali njaa.” Soko lilicheka mpaka vikaango vikaanguka. Baba naye alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu maji yageuke.

Hakufa. Wiki ikapita, Baba yuko juu ya meza yake, sauti imepanda kuliko zamani, anajipiga tumbo mbele ya wanunuzi na kuwaambia, “Maabara ndiyo hii!” Bwana Afya alirudi kueleza kwamba sumu ile si lazima iue mtu siku hiyo hiyo, inaweza kulimbikizana mwilini kidogo kidogo, na kwamba mlo mmoja wa mtu mmoja si kipimo cha ziwa. Walimzomea mpaka pikipiki yake ikakataa kuwaka. Meza zikajaa. Mafuta yakachemka tena. Na Sindano, alivyoahidi, akala. Wavuvi wengi walimlipa ujira wake kwa samaki, hasa wale wadogo wanaoliwa wazima na matumbo yao, na yeye alikuwa mtu wa kushukuru, hakutupa kitu.

Nafika penye uzito sasa. Sindano alianza kwa kuchoka. Alisema sindano imekuwa nzito mkononi, tukadhani ni utani. Kisha chakula kikawa hakikai tumboni. Kisha mke wake akaona macho yake yamekuwa ya njano, akamwambia, naye akajibu kwamba afadhali, ataonekana tajiri. Walipomfikisha hospitali, ini lilikuwa limekwisha choka. Daktari aliuliza alikuwa anakula nini na kunywa nini. Akajibu, wanachokula na kunywa wenzake. Daktari hakuapa kwamba ni ziwa. Alisema tu kwamba macho ya rangi ile kutoka ufukweni kwetu ameanza kuyaona mengi.

Baba alikuwa anakwenda kila siku kukaa naye. Alikuwa akimsomea bei za mnada, nani kanunua nini, nani kamdanganya nani. Siku ya mwisho Sindano hakuwa na nguvu ya kujibu, lakini mke wake anasema alikuwa anatikisa kidole gumba kama mtu anayevuta uzi. Tukamzika. Na msibani, kaka, mbele ya watu wote, Baba alisimama akawaambia wasianze kulisema ziwa. “Mimi na yeye tumekula ziwa moja,” alisema. “Kama ni samaki, mbona mimi ndiye ninayemzika?” Watu waliitikia kwa vichwa. Nani angembishia? Alikuwa amesimama pale, mzima, ana shavu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, na nilikuwa najua kwa nini ana shavu.

Kaka, yule samaki hakuwa wa ziwa.

Baba aliponikabidhi yule perege nikaingia jikoni, nikampasua. Ini lake lilikuwa limevimba, lina rangi ambayo sijaiona kwenye samaki tangu nianze kupika, na harufu ilipanda mpaka nikashika ukuta. Lakini nisikudanganye kwamba ndipo nilipoamua. Nilikuwa nimeshaamua. Siku moja kabla nilipanda kule kilimani kwa yule mfuga samaki wa mabwawa, nikanunua perege wa ukubwa ule ule, nikamficha kwenye ndoo chini ya masufuria. Samaki na samaki wakishakaangwa ni ndugu. Yule wa ziwa nilimtupa chooni, ili hata paka asimpate. Nilitoka na sahani mikono yangu haitetemeki kabisa, na nilimtazama Baba akila nikafurahi. Niliona nimemwokoa baba yangu na kiburi chake, na hakuna atakayejua, na ndipo mambo yataishia. Sikuona kwamba sahani ile ilikuwa inaliwa na soko zima.

Baada ya pale nikanasa. Baba anakula mchana kwangu kila siku. Nikawa kila siku namkaangia wa bwawani. Wateja wengine niliwaambia mafuta yamepanda, napika maharage. Wakanung’unika, wakaenda kula samaki kwa jirani.

Na lipo lingine, ambalo ni zito kuliko hilo, na ningeweza kukuficha. Kabla Sindano hajaanza kula, alikuja mgahawani peke yake. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Akaniambia, “Binti, baba yako ni mtu wa maneno, mimi ni mtu wa uzi. Niambie wewe uliyempika. Nile?” Kaka, aliniuliza. Hakuna mwingine katika mji huu aliyekuwa na akili ya kuuliza jikoni. Nami nikamjibu, “Si ulimwona kwa macho yako, baba mdogo?” Akasema kweli, nilimwona. Akashukuru, akaenda.

Mama alijua. Yule mfuga samaki alikutana naye njiani akamuuliza kama mzee alimpenda samaki wake. Mama hakulisema mpaka tulipotoka kuzika, ndipo akaniambia anajua, na kwamba siku ile alikwenda chumbani akamshukuru Mungu kwa kunizaa. Akanikataza kusema. Alisema mwanamume kama Baba ukimwondolea neno lake huna ulichombakizia. Nikamkubalia. Ningekuwa nimenyamaza hadi leo, na barua hii ingekuwa ya kukuulizia kikohozi tu.

Lakini Alhamisi moja, wiki mbili zilizopita, mjane wa Sindano alikuja nyumbani. Alikuja kwa Baba kama mtu anavyokwenda kwa mkubwa wa familia. Akamwambia kwamba wajukuu wanalia samaki, wavuvi wanamletea kwa kumhurumia, na yeye moyo unasita. Awape au asiwape? Baba hakufikiri hata kidogo. Akamwambia, “Wape watoto wale, shemeji. Mimi si huyu hapa?”

Nilikuwa naanika nguo uani. Nikajisikia nasema, “Baba, wewe hukula samaki wa ziwa.”

Akaniambia nisiingilie mazungumzo ya watu wazima. Nikasema tena. Nikasema yote, shati lake mwenyewe likiwa limelowa mkononi mwangu, Mama akiniita jina langu kutoka mlangoni ninyamaze. Nilipofika pale Sindano alipokuja kuniuliza, mjane hakulia. Aliuliza tu, “Alikuuliza?” Nikasema ndiyo, aliniuliza. Akajifunga mtandio wake vizuri, akaniambia anaondoka kwa sababu ameacha chungu jikoni na watoto wako karibu nacho. Alitoka akikimbia, mama wa umri ule.

Baba alilichukua shati lake mkononi mwangu. Kisha akaniuliza alikuwa samaki wa wapi. Nikamwambia wa bwawani, kwa mfugaji wa kilimani. Akatikisa kichwa polepole. “Nilisikia tope mdomoni,” alisema. “Nikajiambia ni woga wangu, nikameza.” Hilo ndilo neno la mwisho alilonena nami.

Kesho yake alivaa kanzu yake ya misibani, akaenda sokoni, akapanda juu ya meza yake. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu. Alitumia ile sauti ya mnada, ile inayovuka paa. Akawaambia kwamba siku ile hakula samaki wao, alilishwa wa bwawani bila kujua. Kwamba yeye si ushahidi wa kitu chochote. Kwamba rafiki yake alikula kwa kumwamini yeye na sasa yuko chini. Na kwamba wasile. Hakunitaja. Alisema “nililishwa” akaishia hapo.

Makapu yakashushwa chini. Nilidhani wameelewa. Kisha mmoja akacheka. Mwingine akasema mzee msiba umempanda kichwani. Mwingine akapaza sauti kwamba Bwana Afya amemnunua, akauliza kwa bei gani. Mama mmoja wa kukaanga, ambaye unamjua, aliyetulea kwa makoko ya kikaangoni, alimwendea akamshika mguu, akamwambia taratibu, “Shuka, kaka yangu. Ulituambia tule tukala. Sasa ukituambia tusile, tule nini?” Na mnunuzi mmoja nyuma, mwenye kapu, akauliza kama samaki wana sumu basi bei ya leo imeshuka? Watu wakacheka sana. Mnadi mdogo, yule aliyekuwa msaidizi wa Baba, akapanda meza ya pili akaanza kunadi, na migongo yote ikageuka kumfuata.

Sasa unajua kwa nini hapokei simu. Hana sauti. Tangu siku ile anakwenda kila asubuhi kusimama mlangoni mwa soko, na kila anayeingia na kapu anamwambia asinunue. Wengine wanamkwepa, wengine wanamsalimia kwa heshima na kupita. Mjane wa Sindano alisimama naye jana, hawakusemezana. Watu wachache wamegeuza makapu yao, siwezi kusema hakuna. Macho ya njano nayo yanaongezeka, na mama mmoja wa jirani yetu hajaamka kitandani tangu Ijumaa.

Nyumbani hali chakula nilichokigusa mimi. Mama anampikia, naye anakaa jikoni kwenye kigoda kuanzia mboga inapooshwa hadi inapopakuliwa. Jana jioni alirudi koo limekauka kabisa, anaonyesha kwa ishara anataka maji. Mama alikuwa anaswali. Nikamletea mimi, ya chupa, ya dukani, kizibo nimekifungua mbele yake, nikammiminia kwenye glasi. Aliipokea. Akainyanyua kwenye mwanga akaitazama muda mrefu. Kisha akanirudishia, akanionyesha kwa kidole ninywe kwanza mimi.

Nikanywa. Akasubiri. Ndipo akanywa.

Watoto wasije, kaka. Njoo wewe, ukiweza, uje peke yako, na chakula chako cha njiani utoke nacho huko. Usinijibu kwa kunifariji, wala usinigombeze kwenye simu Mama akisikia. Ukifika tutakaa uani, useme unachotaka, nitakusikiliza mpaka mwisho.

Mfikishie wifi salamu zangu nyingi, na hao wanangu wabusu vichwani wote. Mama anakusalimu na anasema vaa nguo nzito, redio imesema kwenu kuna baridi. Baba sijamwambia kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
wa mgahawani